Nshalipa au nitalipa? Namna ya kupata maandishi ya kikao cha video kwa Kiswahili

Ukoo wetu hukutana kwa video kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Wengi tuko Dar es Salaam, shangazi yuko Mombasa, kaka yuko Muscat, na dada yuko London na wanawe, ambao Kiswahili wanakielewa vizuri kuliko wanavyokisema. Mimi ndiye katibu. Cheo hicho nilikipata kwa kuchelewa kuingia siku ya uchaguzi. Nilipounganishwa nikakuta wameshanipigia makofi.

Kwa muda mrefu niliandika kwenye daftari, nusu ya maneno yakinipita. Halafu mjomba akaanza kupoteza usikivu. Alikuwa akiingia kikaoni kwa wakati, anakaa wima mbele ya kamera, anacheka wenzake wanapocheka, kisha usiku ananitumia ujumbe: "Mwisho mlikubaliana nini?" Ujumbe wa tatu wa namna hiyo ndio ulionifanya nitafute jinsi ya kuifanya simu iandike tunayosema, papo hapo.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda, nikajiona fundi. Maandishi yalipita kwenye skrini, mjomba akauliza swali kwa mara ya kwanza baada ya miezi, na kikao kilipokwisha nikayanakili yote na kuyatupa kwenye kundi la WhatsApp bila kuyasoma. Kesho yake alfajiri simu ikalia. Shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, mie mdeni wa nani?"

Kikaoni aliulizwa kuhusu mchango wa mazishi, naye akajibu kwa Kimvita chake: "Nshalipa." Mashine ikaandika "nitalipa", na ukoo mzima ukasoma hivyo. Tulisalimika kwa sababu kaka wa Muscat alikuwa amerekodi sauti kwenye simu yake.

Yafuatayo ndiyo ninayoyafanya tangu siku ile. Yanafaa kikao cha ukoo, kikundi cha kuweka na kukopa, kamati ya msikiti au kanisa, hata mahojiano ya mwandishi wa habari.

Kwanza, tenganisha vitu viwili

Kuna manukuu na kuna nakala. Manukuu ni yale maandishi yanayopita chini ya skrini mtu anapozungumza. Yanamsaidia asiyesikia vizuri, aliye kwenye daladala bila visikizi vya masikioni, au mtoto wa London anayeelewa neno akiliona. Nakala ni kile kinachobaki baada ya kikao, kilichosomwa na kusahihishwa na binadamu. Manukuu yakikosea mara moja moja, msomaji anakisia na kusonga mbele. Nakala ikikosea, mtu anaitwa mdeni.

Programu nyingi za vikao hutoa manukuu bure na kuifanya nakala kuwa ya kulipia, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Kwenye Google Meet, kwa akaunti ya bure, manukuu yanapita na kupotea. Nakala inayojihifadhi yenyewe kama hati kwenye Drive ya mwenye kikao ni ya akaunti za kulipia. Zoom iliwafungulia manukuu watumiaji wa bure mwaka 2021, na inakuruhusu kuhifadhi maandishi hayo kama faili la kawaida kwenye kompyuta yako, mradi mwenye kikao ameruhusu. Microsoft Teams nayo hutoa nakala ambayo unaweza kuipakua kama hati ya Word.

Hatua ya 1: Hakikisha mashine inasikiliza Kiswahili

Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuwasha manukuu na kuacha lugha ilivyo. Ilivyo ni Kiingereza. Mashine iliyowekwa Kiingereza haikwambii kwamba haielewi. Inalazimisha kila inachosikia kiwe Kiingereza. Dua ya ufunguzi ya mzee wetu iliwahi kutoka kama hadithi ya watu tusiowafahamu.

Kwa hiyo, kabla ya siku ya kikao, fungua mipangilio ya manukuu, ingia kwenye orodha ya lugha zinazozungumzwa, utafute Kiswahili. Orodha hizi hubadilika mara kwa mara na hutofautiana kati ya akaunti na akaunti, kwa hiyo usitegemee ulichoambiwa na rafiki, tazama mwenyewe. Kuwa macho pia na sehemu mbili zinazofanana: lugha inayozungumzwa na lugha ya kutafsiriwa. Unayoitaka ni ya kwanza. Ya pili iache imezimwa.

Kama Kiswahili hakimo, usikate tamaa. Kuna njia ya simu mbili, na kusema kweli ndiyo ninayoipenda zaidi.

Hatua ya 2: Simu ya pili pembeni ya spika

Mwaka 2019 Google ilitoa programu ya Android iitwayo Live Transcribe, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Gallaudet cha Marekani, chuo cha viziwi. Kazi yake ni moja: inasikiliza kupitia maiki ya simu na kuandika. Ni bure, na Kiswahili kimo. Kwa kuwa haijali sauti inatoka wapi, haikuhusu kama kikao kiko Zoom, Meet au kwenye simu ya video ya WhatsApp.

Fanya hivi. Kikao kiendeshe kwenye kompyuta au simu ya kwanza, sauti itoke kwenye spika, usivae visikizi. Simu ya pili iweke juu ya meza, karibu shubiri moja kutoka kwenye spika, maiki yake ikielekea huko. Maiki ya simu nyingi iko chini, karibu na tundu la chaji. Fungua Live Transcribe, chagua Kiswahili kama lugha ya kwanza na Kiingereza kama ya pili. Programu inakuruhusu kuhama kati ya lugha hizo mbili kwa kugusa mara moja, jambo la maana sana pale kijana wa London anapopewa nafasi.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu uwashe sehemu ya kutunza historia. Ikiwa imewashwa, maandishi hubaki kwenye simu kwa siku 3, kisha yanafutika. Siku 3 zinatosha kunakili, hazitoshi kuahirisha.

Mbinu hii ina masharti. Chumba kiwe kimya: feni inayolia, televisheni ya jirani na jogoo vyote vinageuzwa maneno. Simu ya pili iwe na bando lake na chaji ya kutosha, kwa sababu sauti husafirishwa kwenda kuchakatwa na mtandao ukikatika maandishi yanasimama. Na wewe mwenyewe, ukiwa karibu na simu hiyo, usipige soga. Nakala yangu ya mwezi wa Machi ina mazungumzo kamili kati yangu na mke wangu kuhusu mahali ulipo mkaa.

Mjomba tulimwekea simu hiyohiyo kwake. Mjukuu wake anaiweka pembeni ya kompyuta, anakuza maandishi yawe makubwa, na mzee anasoma. Hahitaji kusubiri nakala yangu.

Hatua ya 3: Kazi ya kabla ya kikao

Omba ruhusa. Kwa wengi hili ni adabu tu, lakini ni sheria pia: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Sauti ya mtu akizungumzia ugonjwa wake au deni lake ni taarifa yake. Sisi mwenyekiti husema mwanzoni, kabla ya dua: "Leo tunaandika na tunarekodi. Mwenye neno la siri aseme, tutazima." Na kweli tunazima. Mambo ya mirathi na ya hospitali hatuyapitishi kwenye mashine ya mtu mwingine. Hayo naandika kwa mkono kama zamani.

Kisha andaa orodha ya majina. Mashine haiwajui watu wako. Majina yetu mengi ni maneno ya kawaida, na mashine hukimbilia neno la kawaida: Shida, Furaha, Neema, Baraka huandikwa kwa herufi ndogo kana kwamba ni hali ya moyo, na Pili, Tatu na Sita wanageuzwa tarakimu. Usishangae kusoma kwamba "3 ametoa elfu kumi". Andika pembeni majina yote ya waliotarajiwa kuhudhuria, ya mitaa na vijiji vitakavyotajwa, na maneno ya pekee ya kikundi chenu. Utaihitaji orodha hii wakati wa kusahihisha.

La tatu ni kupanga nani anarekodi sauti. Usijirekodie peke yako. Kwetu watu wawili wanarekodi katika nchi mbili, kwa programu ya kawaida ya simu ya kurekodi sauti, maana umeme wa Dar na mtandao wa Muscat havijawahi kuzimika siku moja. Sauti si nzito: kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, saa nzima ni kama megabaiti 58. Hakuna kisingizio cha nafasi kwenye simu.

Hatua ya 4: Wakati wa kikao

Hapa kazi kubwa ni ya mwenyekiti. Mashine inaweza kumwandika mtu mmoja anayesema kwa utulivu. Wawili wakisema pamoja inachanganya sentensi zao na kutengeneza mtu wa tatu. Kwa hiyo kanuni zetu ni chache na zinasomwa kila mara: zima maiki kama husemi, usianze kabla ya kuitwa, na ukianza taja jina lako. Hili la jina ni muhimu hasa kwa familia zinazokaa watu watano kwenye kochi moja mbele ya simu moja. Programu inawaandika wote kwa jina la akaunti moja, na kama mwenye simu hakuwahi kubadilisha jina, mzungumzaji wako anaitwa kwa aina ya simu.

Mtandao ukisuasua, watu wazime video. Picha ikiganda hakuna hasara, lakini sauti ikikatwa silabi moja tu, Kiswahili kinageuka. Nitarudi hapo.

Mwenyekiti ajue pia kwamba manukuu huchelewa nyuma ya sauti, na msomaji huchelewa nyuma ya manukuu. Akiuliza "Tumekubaliana?" na hapohapo akafunga hoja, asiyesikia ameachwa nje ya kura. Kwetu sasa mwenyekiti anahesabu hadi tano kimoyomoyo, anamtazama mjomba, ndipo anaendelea. Mwanzoni ukimya ule ulitutia aibu, kama mgeni aliyenyamaza mezani. Tumeuzoea.

Jambo moja nisilitaje kwa kupita tu. Manukuu yanamsaidia mtu aliyepoteza usikivu akiwa ameshakuwa na Kiswahili kichwani, kama mjomba. Kiziwi wa tangu utotoni, ambaye lugha yake ni ya alama, Kiswahili kwake kinaweza kuwa lugha ya pili, na maandishi yanayokimbia na kukosea si badala ya mkalimani. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja Lugha ya Alama ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Kama kwenye kikundi chenu yuko mtu wa namna hiyo, tafuta mkalimani, na dirisha lake la video liwekwe palepale lisihame.

Wewe katibu, wakati mashine inaandika, usikae bure. Mimi huwa na karatasi yenye safu mbili: saa na jambo. "Dakika ya 23, shangazi, mchango." "Dakika ya 41, kura ya shamba." Siandiki walichosema, naandika walipokisemea. Karatasi hiyo moja inaniokolea saa nzima baadaye.

Hatua ya 5: Hifadhi kabla ya kwaheri

Vikao vya bure vina kikomo: Zoom hukata baada ya dakika 40, na Meet baada ya dakika 60 mkiwa watatu au zaidi. Kikao kikikatwa, maandishi ambayo hukuyahifadhi yanaweza kwenda nacho. Iliwahi kunitokea katikati ya ripoti ya mweka hazina, kwa uzembe wangu mwenyewe, na sikulala vizuri usiku ule.

Kwenye Zoom ya kompyuta, washa manukuu mwanzoni, bonyeza kishale kidogo pembeni ya alama ya CC, fungua nakala kamili, na chini yake utaona kitufe cha kuhifadhi, "Save Transcript". Kama hukioni, mwenye kikao aingie kwenye mipangilio ya akaunti yake kupitia tovuti aruhusu kuhifadhi manukuu. Kibonyeze kila baada ya dakika 15 bila kungoja mwisho. Kwenye Live Transcribe, bonyeza maandishi kwa kushikilia, chagua yote, nakili, kisha bandika kwenye hati au ujitumie mwenyewe kwa WhatsApp. Ipe hati jina lenye tarehe. "Kikao kipya mwisho kabisa 2" haitakusaidia mwakani.

Hatua ya 6: Kusahihisha

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kikao cha saa moja hunichukua saa mbili na nusu hivi. Anayekwambia mashine inamaliza kila kitu hajawahi kusoma ilichokiandika.

Fungua sauti kwenye programu inayokuruhusu kupunguza kasi, VLC kwa mfano, au tumia tovuti ya bure iitwayo oTranscribe, ambayo inaweka sauti na ukurasa wa kuandikia mahali pamoja. Kitufe cha Esc kinasimamisha na kuendeleza sauti bila mkono kuondoka kwenye kibodi. Usianze mwanzo kwenda mwisho. Anza na sehemu za hatari, zile ulizoziandika kwenye karatasi: pesa, kura, ahadi, tarehe.

Kisha tafuta makosa ambayo ni ya Kiswahili hasa.

Ukanushi ndio mbaya kuliko yote. Lugha yetu inaweka "hapana" kwenye silabi ya kwanza ya kitenzi, na silabi ya kwanza ndiyo mtandao unayoimeza mtu anapowasha maiki. "Hatutauza shamba" likipoteza kichwa linakuwa "tutauza shamba". Sentensi ni sahihi, sarufi haina kasoro, na maana imepinduka. Macho hayawezi kuligundua kosa hili, sikio tu. Kila kitenzi kilichobeba uamuzi kisikilize tena.

Halafu kuna swali. Kwa Kiswahili "Mmelipa" na "Mmelipa?" hutofautiana kwa sauti tu, maneno ni yaleyale na mpangilio ni uleule. Mashine mara nyingi huacha alama ya kuuliza, na swali la mwenyekiti likawa taarifa yake.

R na L. Wengi wetu tunazibadilisha bila kujua, na mashine inaongeza yake. Kwenye uchaguzi, "kura" na "kula" ni mambo mawili, ingawa wapo watakaobisha. Kwenye kikao cha posa ya binti yetu niliandikiwa kwamba "mahali imepokelewa". Hapa sarufi ilinisaidia: mahali hupokelewa kwa "pa", pamepokelewa, ukiona "mahali" limefuatwa na "i", ujue ni mahari. Upatanisho wa ngeli ni shahidi mzuri, utumie.

Namba. Mtu akisema "laki moja na ishirini" anamaanisha 120,000, lakini mashine inayojumlisha kama mtoto wa shule inaweza kukupa 100,020. "Milioni moja na mia mbili" vilevile. Andika tarakimu unayojua ndiyo, na pembeni ongeza sarafu kwenye mabano ya mraba, maana elfu kumi ya shangazi ni shilingi za Kenya na elfu kumi yangu ni za Tanzania, na hazikutani kabisa. Saa nazo: "saa mbili usiku" kwetu iko wazi, lakini mpwa wa London akisoma 2:00 ataweka kengele ya kumwamsha usiku wa manane. Kwenye nakala ya ukoo uliotawanyika naandika saa ya Kiswahili, kisha saa ya kila mji.

Mwisho, lahaja. Mashine hizi zimefunzwa zaidi kwa Kiswahili kinachofanana na cha taarifa ya habari. "Yuwaja" la Mombasa na "nshalipa" la pwani nzima linavutwa kuelekea neno inalolijua. Ukisahihisha, rudisha alichosema mtu. Wapo makatibu wanaotumia nafasi hii kumsanifisha kila mmoja, shangazi akaonekana anazungumza kama mtangazaji. Mimi sikubaliani nao. Ni neno lake, na siku ya ubishi ndilo litakalosikika kwenye sauti.

Makosa yanayojirudia, hasa majina, yabadilishe kwa mkupuo kwa kutafuta na kubadili, lakini usibonyeze kubadili yote kwa pamoja kama jina ni neno la kawaida. Utakuta kila "shida" ya ukoo imekuwa binamu yako.

Kama sauti ipo lakini manukuu hayakuwashwa

Hutokea. Hapo unaweza kutumia Whisper, mashine ya unukuzi iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, ambayo inaweza kuendeshwa bure kwenye kompyuta yako mwenyewe bila kupeleka sauti kokote. Ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini sehemu kubwa ni Kiingereza, na kipande cha Kiswahili kilikuwa kidogo mno. Matoleo yake madogo yanahangaika na lugha yetu. Tumia kubwa kadiri kompyuta inavyoweza kubeba, taja kwamba lugha ni Kiswahili badala ya kuiacha ikisie, na uipe ile orodha yako ya majina mwanzoni, kwa sababu ina sehemu ya kupokea maneno ya kuielekeza.

Ina tabia moja ya kutisha: penye ukimya inaweza kutunga. Kimya cha dakika moja, watu wakisubiri mwenyekiti arudishwe na umeme, kinaweza kujazwa sentensi ambayo hakuna aliyeisema, au sentensi ileile mara ishirini. Kata sehemu za ukimya kwenye faili kabla ya kulipeleka, na aya yoyote iliyo nzuri kupita kiasi itilie shaka.

Hatua ya 7: Sura ya nakala

Kwa mfano mzuri wa nakala ya Kiswahili huna haja ya kwenda mbali. Taarifa rasmi za majadiliano ya Bunge la Tanzania, Hansard, zimekuwa zikifanya kazi hii kwa miaka mingi: jina la mzungumzaji kwa herufi kubwa, nukta mbili, maneno yake, na yale yasiyo maneno kwenye mabano, (Makofi), (Kicheko). Hata kengele ya muda kwisha inaandikwa. Nimeiga vyote isipokuwa kengele, kwa kuwa kwetu hakuna anayeiheshimu.

Kicheko kiandike. "Atalipa mwenyewe (Kicheko)" si sawa na "Atalipa mwenyewe." Kwa mjomba, mabano hayo ndiyo yaliyokuwa yakikosekana miezi yote ile aliyokuwa akicheka kwa kufuata.

Usichokisikia usikibuni. Andika [haisikiki, 00:23:10] uendelee. Kukohoa, "eeh" na "yaani" za kujivutia muda zitoe, isipokuwa kama nakala ni ya ushahidi. Hapo kila kitu kibaki. Weka alama ya muda kila mzungumzaji mpya anapoanza au kila dakika tano, ili anayebisha aende moja kwa moja kwenye sauti. Na juu kabisa weka muhtasari wa maamuzi, mistari mitano au sita. Nakala ya saa moja inafika kurasa nyingi. Watakaoisoma yote ni wewe, mjomba, na mwenye kesi.

Kama mmehifadhi video na mnataka manukuu yaliyosahihishwa yaonekane juu yake, hati ya kawaida haitoshi. Inatakiwa faili la SRT au VTT, ambalo kila kipande cha maneno kina muda wa kuanza na wa kuisha. Programu nyingi hukupa moja kati ya hayo. Ukihariri kwa mkono, usiguse mistari ya muda: SRT hutenganisha sekunde na sehemu zake kwa mkato, VTT kwa nukta, na kukosea hapo tu kunaweza kulifanya faili zima likataliwe.

Hatua ya 8: Kusambaza, kisha kufuta

Mimi huwatumia kwanza waliotajwa kwenye mambo ya pesa na maamuzi, kila mmoja kipande chake, nawapa siku mbili za kusahihisha. Shangazi hujibu kwa ujumbe wa sauti, wa dakika nne, ambao nao inabidi niunukuu. Wakisharidhika, ndipo nakala inakwenda kwenye kundi, kama faili la PDF ili mtu asiweze kurekebisha deni lake njiani.

Sauti naitunza hadi kikao kinachofuata. Mwenyekiti akishauliza kama kumbukumbu zimethibitishwa na watu wakaitikia, naifuta kwenye simu yangu, na kaka wa Muscat anafuta ya kwake. Kimebaki kipande kimoja tu, cha sekunde nne, nilichoagizwa na mwenyewe nisikifute kamwe.